Spiriti puani si kipimo cha kunusa: jibu kwa mpishi aliyeanguka na bodaboda

Msomaji mmoja wa Tanga, mpishi wa hotelini anayepikia pia shughuli za harusi, ameniandikia. Miezi kadhaa iliyopita alianguka na bodaboda, akapiga kisogo, akalazwa. Tangu atoke hospitali hasikii harufu ya kitu chochote, na chakula anaona hakina ladha. Pilau anaipika kwa mazoea tu, na wenzake jikoni wamemwambia mara siku hizi viungo vimezidi, mara vimepungua. Alipokwenda kueleza shida yake, alifumbwa macho akawekewa pamba ya spiriti chini ya pua. Akasema inawasha. Akaambiwa pua yake ni nzima. Sasa bima wanataka karatasi ya daktari, na mwajiri anaona kama anazua. Anauliza: kuna kipimo cha kweli cha kunusa? Kinafanyikaje? Na kinaweza kuthibitisha anachosema?

Pole sana, ndugu yangu. Kipimo kipo, tena si kimoja, na kinaweza kukutetea. Ulichofanyiwa wewe kilipima kitu kingine kabisa.

Ndani ya pua mna mishipa ya fahamu ya aina mbili inayopeleka habari kwenye ubongo. Wa kunusa, ambao kwa madaktari huhesabiwa kuwa mshipa wa kwanza wa kichwa, hauna kazi nyingine ila harufu. Seli zake zimekaa juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kwenye eneo la sentimita chache tu za mraba. Kutoka hapo nyuzi zake laini hupenya katika mfupa mwembamba wenye vitundu vidogo kama chekeche, zikaingia kwenye ubongo uliolala juu ya mfupa huo. Mwingine ni mshipa wa tano, ule ule unaokufanya uhisi jino likiuma na upepo ukikupiga shavuni. Matawi yake yameenea puani kote. Huo ndio unaokutoa machozi ukikata vitunguu, unaohisi ubaridi wa dawa za kuchua zenye mentholi, mchomo wa amonia, ukali wa siki, na pilipili ikikaangwa mpaka jiko zima linakohoa.

Mtu akipiga kisogo, ubongo husukumwa ghafla ndani ya fuvu, na zile nyuzi laini huweza kukatika pale pale zinapopenya kwenye mfupa. Mshipa wa tano unapita njia nyingine, kwa kawaida hauguswi. Pamba ya spiriti ikisogezwa hadi chini ya pua humwamsha huyo wa tano kwa nguvu. Kwa hiyo ulisema kweli: inawasha. Hukuulizwa inanuka nini.

Spiriti yenyewe haina kosa, kosa ni namna ilivyotumika. Wamarekani wawili, Davidson na Murphy, walieleza mwaka 1997 jinsi ya kuitumia vizuri: mgonjwa anafumba macho na mdomo, anapumua kwa kawaida, na kipande cha pamba yenye spiriti kinaanzishwa chini, usawa wa kifuani au chini zaidi, kikipandishwa sentimita moja kila anapotoa pumzi, mpaka aseme amesikia harufu. Kisha umbali unapimwa kwa rula, na zoezi linarudiwa mara kadhaa upatikane wastani. Mwenye pua nzima huitambua pamba ikiwa bado mbali. Aliyepoteza kunusa huhisi kitu pale inapokaribia kugusa pua, yaani pale mchomo unapoanza. Kifaa ni kile kile, bei ni ile ile, ila rula ndiyo iliyokosekana.

Sasa nikwambie jambo ambalo wagonjwa hulipokea kwa shida: neno lako peke yako nalo halitoshi. Sisemi hivyo kwa kukushuku. Binadamu ni hakimu mbaya wa pua yake. Wapo wazee wengi waliopoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kunusa bila wenyewe kujua, na wapo wanaokuja wakisema hawasikii kitu, wakipimwa wanaonekana wa kawaida. Ndiyo maana kipimo kizuri hakimwulizi mtu “unasikia?” Kinampa vitu kadhaa na kumlazimisha achague kimoja, hata kama anaona anabahatisha.

Kipimo kilichoenea zaidi Ulaya kilitengenezwa Ujerumani na kutangazwa mwaka 1997 na kina Thomas Hummel na Gerd Kobal. Kinaitwa Sniffin' Sticks. Ni kalamu zinazofanana na zile nene za kuandikia ubaoni, ila badala ya wino zina harufu. Kina sehemu tatu, na ya kwanza ndiyo ninayotaka uielewe kwa undani, kwa kuwa ndiyo inayohusu pua yako hasa.

Unaketi kwenye chumba chenye hewa safi, umefungwa kitambaa machoni. Kwa robo saa kabla ya hapo hujala, hujavuta sigara, hujatafuna kitu. Maji tu ndiyo yanaruhusiwa. Anayekupima amevaa glavu zisizo na harufu na hakujipaka manukato. Anafungua kalamu ya kwanza, anaipitisha kama sentimita mbili mbele ya pua yako kwa sekunde tatu hivi, anafunika. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Mbili kati ya hizo hazina kitu. Moja ina harufu hafifu mno, mara nyingi ya kemikali inayonukia kama waridi. Unatakiwa kusema ni ipi. Ukisema “sijui”, utaambiwa chagua hivyo hivyo.

Harufu hiyo imechanganywa kwa ngazi 16, kila ngazi hafifu kuliko inayofuata. Wanaanza na hafifu, kwa sababu pua ikishapigwa na harufu kali huizoea na kupumbaa kwa muda. Ukikosea, wanapanda ngazi. Ukipata mara mbili mfululizo kwenye ngazi ile ile, wanageuka na kushuka. Ukikosea tena, wanapanda. Kila mahali pa kugeukia panaandikwa, mpaka vigeuko vifike 7, kisha vinne vya mwisho vinatafutiwa wastani. Hicho ndicho kizingiti chako: kiasi kidogo kabisa cha harufu ambacho pua yako inakishika. Kati ya seti moja na nyingine wanakupumzisha nusu dakika hivi. Zoezi linachosha, wagonjwa hulalamika, na mpimaji mwenye haraka hulikatisha. Usikubali likatishwe. Na angalia jinsi ile kemikali ya waridi ilivyochaguliwa: haimwamshi sana mshipa wa tano. Hapa huwezi kusaidiwa na mchomo.

Sehemu ya pili ni kutofautisha. Unapewa kalamu tatu zote zenye harufu ya kutosha, mbili sawa, moja tofauti, na unataja iliyo tofauti. Seti ni 16. Sehemu ya tatu ni kutambua: kalamu 16, na kwa kila moja unasomewa majina manne uchague. Pointi zote zinajumlishwa, kiwango cha juu ni 48. Kijana anayezidi 30 na ushei huhesabiwa mzima. Kati ya hapo na 16 uwezo umepungua. 16 au chini ya hapo tunasema hakuna kunusa kwa maana ya matumizi ya kila siku. Mzee wa miaka 70 hulinganishwa na wa rika lake, kwa sababu umri unapunguza kunusa hata bila ugonjwa. Usishangae mtu asiyesikia chochote kupata pointi 8 au 10. Anayebahatisha atapatia tu baadhi, na wenye kipimo wamelizingatia hilo.

Marekani kuna kipimo kikongwe zaidi, kilichotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1984 kwa kazi ya Richard Doty na wenzake. Hicho ni vijitabu vinne vyenye kurasa 10 kila kimoja. Kila ukurasa una kibandiko unachokikwangua kwa penseli kikatoa harufu, na chini yake majibu manne. Jumla ni harufu 40. Uzuri wake mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba kinapima kutambua tu, na hapo ndipo mtu wa Tanga anapoweza kuonewa.

Kutambua harufu kunahitaji uwe umeishi nayo. Katika zile 40 kuna karafuu, nazi, karanga, nanasi, petroli na moshi, ambazo mpishi wa pwani hawezi kushindwa nazo. Lakini kuna pia soda ya mizizi ya Kimarekani, achari ya matango ya kizungu na ua la lilaki. Kalamu za Kijerumani zina likorisi na tapentaini pamoja na samaki, mdalasini na kitunguu saumu. Mtu asiyewahi kukutana na likorisi akikosa, pua yake haina hatia. Wataalamu wa nchi nyingi wamelazimika kubadilisha baadhi ya harufu na majina ya majibu ili yaendane na watu wao, na sisi huku tunahitaji kufanya hivyo kwa umakini. Kwa hiyo kabla hujaanza, omba usomewe orodha ya majina kwa Kiswahili na useme yapi huyajui. Ni haki yako, na daktari mzuri ataiandika. Ukikuta kizingiti chako ni kizuri ila kutambua ni kubaya, pua inafanya kazi. Tatizo liko kwenye mazoea, lugha au kumbukumbu, na kwa aliyeumia kichwa hilo la kumbukumbu nalo lichunguzwe.

Kuhusu bima na mwajiri. Vipimo vya kulazimisha kuchagua vina nguvu ya kipekee hapa, kwa sababu kujifanya hunusi ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Chukua kile cha harufu 40 zenye majibu manne. Asiyenusa kabisa, akibahatisha kwa uaminifu, atapata karibu 10, kwa kuwa bahati inampa moja katika kila nne. Anayejifanya huwa anakwepa jibu sahihi kwa makusudi, akaambulia mbili au moja. Kupata mbili au chini ya hapo kwa kubahatisha tu hutokea kama mara moja katika elfu. Mtu wa namna hiyo anajulikana kwa kushindwa kupita kiasi: ili uyakwepe majibu sahihi yote hayo, lazima uwe unayajua.

Na ile spiriti iliyokuponza inageuka kuwa shahidi wako. Aliyepoteza kunusa kwa kukatika mshipa wa kwanza bado anahisi amonia na spiriti kali. Anayejifanya, kwa kutojua habari ya mshipa wa tano, hukataa hata hiyo: anawekewa amonia, macho yanalenga machozi, naye anasema hahisi kitu. Wewe ulisema inawasha. Mwombe daktari atakayekupima aandike hilo kwenye ripoti pamoja na maelezo yake. Kwenye vituo vichache sana vya utafiti kuna pia mashine inayopuliza harufu puani huku waya za kichwani zikisoma umeme wa ubongo, bila kumwuliza mgonjwa lolote. Ni ya gharama, na kesi yako haiihitaji kama vipimo vya kawaida vitafanywa vizuri.

Kabla ya vipimo vyenyewe, daktari wa masikio, pua na koo anatakiwa aangalie ndani ya pua kwa kamera nyembamba. Ukuta wa katikati uliopinda kwa ajali, au vinyama vya puani, vinaweza kuzuia harufu isifike juu, na hilo lina tiba yake. Kila upande wa pua upimwe peke yake, mwingine ukizibwa kwa plasta. Watu wengi wanapimwa pande zote kwa pamoja, na hapo tundu zima linaficha lililokufa. Uwezo ukipotea upande mmoja bila sababu ya wazi, picha ya MRI ni lazima, kwa kuwa uvimbe unaoota juu ya ule mfupa wenye vitundu huweza kuanza kimya kimya hivyo. Kwako wewe picha ya kichwa inahitajika vilevile, kuona mfupa na sehemu ya mbele ya ubongo.

Kuna swali moja ambalo barua yako haikuligusa nami sitaki lipite. Je, ukiinama, hasa asubuhi au ukiwa unasujudu, pua moja inadondosha maji meupe kama ya bomba, yasiyo na utelezi wa kamasi, pengine yenye ladha ya chumvi yakishuka kooni? Kama ndiyo, acha kusubiri miadi, nenda hospitali kubwa leo. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo yanayovuja kupitia mfupa uliopasuka, na njia yanayotokea ndiyo vijidudu vya homa ya uti wa mgongo vinaweza kuingilia. Usipenge kwa nguvu, usizibe pua kwa pamba.

Hospitali zenye idara ya masikio, pua na koo, kama Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi, ndipo pa kuanzia, lakini piga simu kwanza uulize wana kipimo gani cha kunusa kwa wakati huo. Usifunge safari kwa kudhani. Ukikosa kabisa, daktari wako wa karibu anaweza kufanya jambo lililo bora mara nyingi kuliko spiriti, kwa vitu vya dukani. Achukue chupa tatu za dawa zinazofanana, zisizoonyesha ndani, zote zitiwe pamba. Moja aongeze kahawa iliyosagwa. Wewe umefumba macho, mtu mwingine anazichanganya, zinapitishwa moja moja, nawe unataja yenye kahawa. Mara 10 kwa tundu la kulia, 10 kwa la kushoto, kila jibu likiandikwa. Kwa kubahatisha utapata tatu hivi. Ukipata nane au zaidi, upande huo unanusa, si bahati. Hilo halikupi pointi za kulinganisha na watu wengine na halishiki upungufu mdogo, ila linatofautisha pua inayonusa na isiyonusa. Siki, dawa za kuchua, pilipili na kitunguu kibichi visitumike, kwa sababu ambazo sasa unazijua: vinamwamsha mshipa wa tano.

Ulisema pia chakula hakina ladha. Jaribu ulimi wako nyumbani: sukari, chumvi, ndimu na kahawa chungu isiyo na sukari, kila kimoja peke yake, pua ukiwa umeibana. Nadhani utavijua vyote. Ulimi unajua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezi wa supu ya nyama. Iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, ile nazi iliyotiwa mwishoni, hivyo vyote ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani wakati unatafuna. Daktari akuandikie kwamba kilichopotea ni kunusa huku ladha ya ulimi ikiwa salama, kwa sababu kwa kazi ya mpishi tofauti hiyo inaeleza kila kitu: chumvi bado unaiweza, viungo huviwezi.

Kupona? Sitakudanganya. Waliopoteza kunusa kwa mafua au virusi vingine hurudi zaidi kuliko walioumia kichwa. Lakini seli za kunusa ni kati ya seli chache za fahamu ambazo mwili unaendelea kuzizalisha upya maisha yote, na baadhi ya waliopata ajali hupata nafuu, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, wengine baadaye. Kuna mazoezi yaliyochunguzwa kule Dresden na kutangazwa mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila moja unainusa sekunde kumi hivi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi, akili yako ikiwa kwenye harufu hiyo na kumbukumbu yake. Kwa aliyeumia kichwa manufaa si makubwa kama kwa mgonjwa wa virusi, ila hayana madhara na karafuu ya Pemba haiko mbali nawe. Baada ya miezi mitatu hadi sita rudia kipimo kile kile cha kwanza. Kwa zile kalamu, kupanda pointi 5.5 ndiko tunakokuhesabu kuwa ni nafuu ya kweli. Ikitokea kahawa au vitunguu vya kukaanga vinaanza kunuka vibaya kama kitu kilichoungua au kuoza, usikate tamaa. Kunusa kunaporudi mara nyingine hurudi kumepotoka kwanza. Usijinunulie vidonge vya steroidi, wala usikubali kudondoshewa mafuta ya aina yoyote puani.

Wakati unasubiri, jikoni kwako kuna hatari ambayo haitangoji karatasi ya bima. Gesi ya mtungi haina harufu kwa asili. Ile harufu mbaya imeongezwa kiwandani ili pua itahadhari, na pua yako haitahadhari. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta, uangalie mapovu yanayofura. Funga mtungi wenyewe ukimaliza kazi, usitegemee kitasa cha jiko. Maziwa, samaki na nyama viandikwe tarehe ya kuingia kwenye friji, na asiwepo anayekuachia wewe uamue kama vimeharibika. Viungo upime kwa kijiko na mizani, kwa vipimo ulivyovitumia kabla ya ajali, na mtafute mmoja jikoni mwenye pua unayoiamini aonje kabla sufuria haijatoka.